Jina la Baba Ulilowapa Warusi

Odera, ndugu yangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba mtu anaweza kuuza nchi yake. Nchi haiuziki. Ni kubwa mno. Ina milima, maziwa na mipaka niliyowachorea watoto ubaoni hadi chaki ikanila vidole, na hakuna mfuko wa koti unaoweza kuibeba. Kinachouzwa ni watu, mmoja mmoja, kwa majina yao. Wewe ndiwe uliyenifundisha hilo, mimi mwalimu, na kwa hiyo nakuandikia wewe.

Mchana huu Ouma, mwanangu, atafika kutoka Muhoroni. Jioni wanawake watakusanyika kumpa mtoto wake jina. Kati ya mchana na jioni nina kazi ya kufanya, na sitaki kuifanya kabla hatujazungumza. Nitaeleza kwa utaratibu. Ulikuwa ukinicheka: "Mwalimu, ukiulizwa mvua itanyesha lini, unaanzia kwenye kuumbwa kwa dunia." Basi vumilia. Sasa huna haraka ya kwenda popote.

Tangu tukuzike, mvua za masika zimekuja na kwenda. Mto Nyando ulifurika kama kawaida yake, ukafika kwenye migomba yako, ukatazama, ukarudi. Perpetua, mkeo, ni mzima. Kila asubuhi anakitoa kiti chako barazani, anakipangusa, na hamruhusu mtu kukikalia. Kuku mmoja mweupe tu ndiye anayethubutu. Binti zako wameandika kutoka Nairobi, wanaendelea vizuri. Nguo zako tumezigawa. Mimi nilipewa viatu vyeusi, vinanibana. Lile koti zito la London alipewa Ouma, kwa sababu, alisema Perpetua, hukujaliwa mwana wa kiume na Ouma ndiye aliyekuwa mwanao.

Analivaa asubuhi za baridi akiwa juu ya trekta, akivuta matela ya miwa kwenda kiwandani. Wakata miwa wamempa jina. "Balozi! Balozi, tupe lifti!" "Balozi, leo unakula na malkia au unakula omena na sisi?" Naye anacheka, anainua mkono kama mkubwa anayepita kwa gari lenye bendera. Kila nikimwona ndani ya koti hilo natazama pembeni.

Mazishi yako yalikuwa makubwa. Watu walitoka kila pembe ya Awasi kwa miguu, wengine wakatoka mjini kwa malori. Ofisa kijana kutoka Nairobi alisoma karatasi, akakuita mtumishi mwaminifu. Shangazi yetu Dorsila, ambaye umri haujampunguzia ulimi hata kidogo, alinong'ona nyuma yangu kwamba kijana huyo anasoma kama mtu anayemeza mfupa wa samaki. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa naitazama barabara. Nilitaka kuona kama kuna Mrusi hata mmoja atakayekuja kukulilia. Hakuja Mrusi. Uliwatumikia tangu ziwa lilipopanda na kula mashamba ya watu, ule mwaka bendera yetu ilipokuwa mpya, hadi mwili ulipokushinda. Hawakutuma hata ua.

Nilijua kwa sababu uliniambia mwenyewe. Na tafadhali usidhani nimesahau namna ulivyoniambia.

Ulikuwa umerudi nyumbani na tumbo lililovimba, umekataa kulala hospitalini. Uliketi kwenye kiti hicho hicho cha barazani, alasiri, nami nimekuletea supu ya samaki, ngege, aliyotengeneza Perpetua kabla hajaenda sokoni. Ukaanza kusimulia. Sauti yako haikuwa ya mtu anayetubu. Ilikuwa ya mtu aliyeshinda mchezo akakosa wa kumsimulia. Ulisema, "Omera, ndugu yangu, usinione hivi. Nimecheza mchezo mkubwa kuliko mtu yeyote aliyezaliwa kando ya ziwa hili."

Ulisimulia ile karamu ya kwanza London, ulipokuwa umepelekwa kwenye ubalozi wetu, jioni ya baridi, ambapo mwenyeji wenu Mwingereza alishindwa kulitamka jina lako na hatimaye akaacha kujaribu. Ukasimama karibu na dirisha na glasi yako. Akaja Mrusi mmoja mfupi, mnene, akakusalimu kwa Kiingereza kibovu, na swali lake la kwanza likawa, "Baba yako anaitwa nani?" Ukamwambia: Ogola. Akalirudia polepole mpaka akalitamka sawasawa. Siku nyingine mlipokutana akauliza Ogola ana hali gani, na kama magoti yamepoa.

Ulisema, "Mwalimu, alikuwa Mzungu wa kwanza maishani mwangu kuniuliza jina la baba."

Hapo ndipo ulipopotea, na ni mtu wa kwetu tu angeweza kupotea hapo. Kwetu anayekuuliza jina la baba yako anatafuta mahali undugu wenu unapoanzia. Ukishamjibu, hawezi tena kuwa mgeni. Hata ng'ombe wake wakiingia shambani mwako utasema naye kwa upole. Lakini mimi nimesoma vitabu kidogo, Odera, na ungeniuliza ningekueleza. Warusi wote huitwa kwa majina ya baba zao. Ofisa humwita hivyo karani wake, daktari humwita hivyo mgonjwa. Ni adabu yao ya kila siku, kama sisi tunavyouliza habari za nyumbani hata kwa mtu tusiyempenda. Aliyekuuliza hakuwa anatafuta undugu nawe. Alikuwa anakusalimu tu. Nawe ukampa maisha yako kwa salamu.

Na ungeweza kuniuliza, kwa sababu ulikuwa ukiniandikia. Uliniandikia kuhusu ukungu, kuhusu mbwa wanaovalishwa nguo, kuhusu mvua isiyo na radi. Kuhusu huyu bwana, kimya.

Baadaye, ulisema, alipotaka jina la kukuandikia kwenye karatasi zake, jina la siri, alikuachia uchague mwenyewe. Ukachagua Ogola.

Niliiweka supu chini. Wewe uliendelea kueleza: nani alikutana na nani, mawaziri walisema nini wakishashiba, mabalozi wa nchi gani walikuwa wakidanganyana. Hayo sikuyasikia vizuri. Nilikuwa namwona baba.

Hebu tukumbushane, maana wewe ulikuwa mdogo. Baba alikuwa seremala bandarini Kisumu, akitengeneza sakafu za meli za ziwani, na tuliishi kwenye vyumba vya wafanyakazi ambako usiku tulisikia honi za meli. Wewe ulikuwa na masikio. Uliwapelekea wachukuzi maneno ya karani Mhindi, ukampelekea karani maneno ya wachukuzi, na pande zote mbili walikupa vipande vya miwa. Baba alicheka. Alisema, "Huyu hatalala njaa." Mimi ndiye niliyekukalisha chini nikakueleza kwamba sikio lina mlango na mdomo una mlango, na mwenye nyumba huwa anafunga mmoja. Ulinitazama ukiwa unatafuna muwa.

Kisha wachukuzi wakagoma. Msimamizi akamwita baba, akataka majina ya waliouanzisha mgomo. Baba aliyajua yote. Walikuwa wakikutana chumbani kwetu, wakila ugali wa mama. Akajibu, "Bwana, mimi napima mbao. Sipimi watu." Basi. Tukafukuzwa kwenye vile vyumba, tukarudi huku Awasi na sufuria kichwani, na baba hakufanya kazi bandarini tena. Kila alipoulizwa kama anajuta, alisema tu kwamba magoti yake yalikuwa yamechoka na meli.

Hilo ndilo jina ulilolichagua. Mtu aliyekataa kutaja majina, ukawatajia Warusi majina chini ya jina lake. Watu wa kwetu hawalichezei jina la aliyekufa. Halitupwi ovyo, linangoja mtoto. Na wakati ule baba hakuwa amekufa hata kidogo. Alikuwa amekaa kwenye jua hapa nyumbani, akinoa visu vya majirani, na huko mbali alikuwa ameshaajiriwa. Nadhani bado ameajiriwa. Nadhani katika kabati fulani la chuma Ogola bado anafanya kazi, bila likizo, na wala hajui.

Nikakuuliza swali moja tu. Nilisema, "Na Ouma?"

Ulikuwa unajua ninauliza nini. Ulipokuwa ubalozini, Ouma naye alikuwa London akisomea uhandisi wa maji, kijana mwenye akili kuliko wewe na mimi, na kila Jumapili alikuja kula kwenu. Siasa za nyumbani zilikuwa zimechacha, watu wetu wamefungwa, na kijana alikuwa na hasira kama kila kijana wa kwetu siku zile. Mezani kwa baba yake mdogo aliimwaga hasira yake yote. Angeimwaga wapi kwingine? Wiki chache baadaye mtu asiyemjua akaanza kumfuata, mwenye vitabu vya bure, mialiko na maswali. Ouma alimkataa. Mara mbili alimkataa, na mara ya pili alimfungia mlango. Lakini serikali yetu nayo ilikuwa na macho huko, na macho hayo hayakuangalia nani amekataa. Yaliangalia nani ameonekana na nani. Akanyang'anywa pasi, akarudishwa kabla ya mtihani wa mwisho. Akahojiwa Nairobi, na mambo ya huko hajawahi kuyasimulia, hata kwa mkewe Akinyi. Tangu siku hiyo hakuna ofisi iliyomfungulia mlango. Mhandisi wa maji anavuta miwa.

Neno moja kutoka kwako lingemwokoa. Lakini neno hilo lingekutaja wewe.

Ulitazama supu. Ulisema, "Ouma alikuwa jina moja tu, Mwalimu, katika majina mengi. Waliuliza vijana wenye hasira ni akina nani."

Nikauliza, "Na Njoroge?"

Njoroge ndiye aliyekuwa akilala chumba kimoja na Ouma huko. Baba yake anauza mabati na misumari karibu na soko la Kibuye, na ingawa ni mtu wa katikati ya nchi, si Mjaluo, amekaa Kisumu muda mrefu hivi kwamba anamtukana mteja kwa Kijaluo safi. Vijana hao walikula sahani moja. Ouma aliporudishwa, akiwa hajui nani amemchongea, wewe ndiye uliyekuja likizo ukaketi naye hapa hapa, ukamwekea mkono begani. Ukasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Umelala na nani chumba kimoja?" Hukumtaja mtu. Wewe hukuwa mtu wa kumalizia sentensi. Uliwaachia wengine wamalizie.

Ouma akamalizia. Njoroge alipohitimu akaletwa Kisumu kusimamia mitambo ya maji ya mji, kazi ambayo wangeifanya pamoja. Alikuja hapa nyumbani na mkate na sukari, kama mgeni mwenye adabu. Ouma alipitia mlango wa nyuma, akakaa katikati ya mahindi mpaka mgeni alipoondoka. Njoroge alinishika mkono pale kwenye lango, akasema, "Mzee, kama kuna nililomkosea, aniambie basi. Hata anitukane." Siku hiyo nilikuwa bado sijui. Na mpaka leo Ouma akienda mjini hanywi maji. Anaagiza soda. Wenzake wakimcheka, anasema, "Hayo maji yana mwenyewe. Kunyweni nyinyi."

Ndiyo maana nikauliza, na Njoroge? Nawe ukasema, "Kijana alihitaji mtu wa kumchukia. Nilimpa aliye karibu."

Kisha ukaniomba chumvi.

Nikakupa. Nimelifikiria sana jambo hilo. Nilinyanyuka, nikaingia jikoni kwa Perpetua, nikatafuta kibakuli cha chumvi, nikakuletea, nawe ukaweka kidogo kwenye supu, ukaonja, ukasema sasa iko sawa.

Ulipoanza kuzimika uliniomba mambo mawili. La kwanza, Perpetua asijue. La pili, ulilisema huku umefumba macho: Ouma akipata mtoto wa kiume, nimkumbushe jina lako. Ulitaka niape. Sikuapa. Nilikaa nimekushika mguu, ulikuwa wa baridi, na nilikupenda, Odera. Sitalificha hilo. Nilikufundisha kusoma kwenye mchanga kwa kijiti. Mtu aliyekufundisha herufi hawezi kukuchukia vizuri. Kila anapojaribu anakumbuka ulivyokuwa ukiiandika R kinyume.

Sasa mtoto amezaliwa. Ni wa kiume, mwenye mapafu. Analia tangu alipotoka, analia hadi ng'ombe wanamgeukia. Muuguzi wa kliniki amesema ni hewa tumboni, na mimi kama mtu wa shule nimekubali. Lakini Shangazi Dorsila hakubaliani na hewa. "Mwalimu," aliniambia, "hewa haijawahi kuitwa jina ikanyamaza." Unaijua desturi, hata sisi tulipitia humo. Mtoto asiyenyamaza ana mtu anayemtaka. Wazee humtajia majina ya waliotangulia, jina moja baada ya jingine, na pale anaponyamaza ndipo wanapojua nani amerudi. Na unajua pia ni majina gani hayatajwi. La mchawi halitajwi. La muuaji halitajwi. Jina la aliyewala watu wake huachwa life naye, kama mbegu iliyochemshwa.

Jana walianza. Akinyi alimshika mtoto, Dorsila akawa anataja, na Perpetua alikaa karibu sana, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri barua. Walipitia majina ya akina babu, mtoto analia tu. Ndipo Ouma, aliyekuwa amesimama mlangoni na koti lako mkononi, akasema, "Jaribuni Baba Odera."

Dorsila akakuita. Mtoto alinyamaza. Akapiga chafya. Kisha akaanza tena.

Wanawake walicheka kwa furaha. Dorsila alisema, "Huyo amefika langoni, anapangusa viatu. Kesho ataingia." Perpetua alifunika uso kwa leso. Hajawahi kukuomba kitu, mwanamke huyu, na sasa anaomba urudi.

Nawe ulikuwepo, sivyo? Hiyo ndiyo namna yako. Unasimama karibu na dirisha, unasikiliza, unangoja mtu akuulize jina.

Sikulala vizuri. Asubuhi hii nimeamua, na ninakueleza wazi ili usiseme nimekuvizia. Leo mchana Ouma akishuka kwenye trekta nitamwambia tutembee hadi kwenye kingo za mto. Nitamweleza yote, kwa utaratibu, kuanzia karamu ile hadi chumvi. Anaweza kunipiga. Anaweza kulitupa koti mtoni. Litakuwa la mto. Na wiki hii hii, akiwa tayari, nitakwenda naye Kisumu, kwenye mitambo ya maji, amtazame Njoroge usoni. Sijui kama Njoroge atampa mkono. Akitupatia glasi ya maji, tutakunywa. Hiyo ni ahadi, nami ahadi zangu unazijua. Ni chache, nazitimiza.

Perpetua sitamwambia. Umemwachia kiti na kuku mweupe, sitamnyang'anya. Lakini kwa kuwa hajui, jioni atamwomba Dorsila akuite tena, na mimi siwezi kumziba mdomo bila kumweleza kwa nini. Ouma atakuwa anajua, atakaa kimya. Mimi nitakaa kimya. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kulizuia jambo hili isipokuwa wewe.

Baada yako nitamwomba Dorsila amtaje Ogola. Walimruka jana, sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa mpole, na wapole husahaulika. Nataka baba atoke kwenye kabati lile. Nataka jina lake lioshwe kwenye beseni pamoja na huyu mtoto, lipakwe mafuta, liitwe kwa ajili ya uji, ligombezwe kwa kukojoa kitandani, lifanye kazi yake halali.

Wewe lala. Kaburi lako nitaendelea kulifyeka, majani hayatakufunika nikiwa hai. Jina lako nitalitaja mimi, peke yangu, kila nitakapoona mtoto ameandika R kinyume. Hayo yakutoshe. Kwaheri, ndugu yangu mdogo uliyetangulia bila kunisubiri.

Maisha yako yote uliitika kila aliyekuita, upande huu na upande ule. Leo jioni, Dorsila atakapolitaja jina lako, usiitike.